Handigadi ya AR imegoma kutoka: mafuta, maji ya moto, kipulizia joto (hiti gani), nguvu au msumeno, uanze na ipi?

Wakuu, hii nawaandikia hasa nyie mlioko huku Marekani wenye bunduki zenu za AR-15 za halali, maana najua tupo wengi tulioanza haya mambo ukubwani, nyumbani Tanzania bunduki ya karibu uliyowahi kuiona ni ya mlinzi wa benki, afu unafika Texas jirani anakukaribisha renji, kiwanja cha kulengea shabaha, Jumamosi moja, baada ya mwaka na wewe unayo ya kwako imelala mezani vipande vipande. Na siku ukitaka kubadilisha mtutu au kufikia gesi bloku, kile kidude cha juu ya mtutu kinachochota gesi ya risasi, kitu cha kwanza kukusumbua ni handigadi, lile bomba la mbele lenye matundu unaloshikia kwa mkono wa kushoto. Zile za kuelea, ambazo haziugusi mtutu popote na zimeshikwa kwa nyuma tu kwenye nati ya mtutu, ile inayoufunga mtutu kwenye bodi la bunduki, ndo zenye hii tabia. Unafungua skrubu zote, unavuta, unavuta tena, utadhani imechomelewa.

Ukiuliza watu ushauri utapewa mwingi na unapingana, huyu anakwambia mwaga mafuta uache mpaka kesho, yule anakwambia piga moto, mwingine anasema nunua fimbo ya dola 100 uibane kwenye jiliwa uminye. Wote hawadanganyi. Kila mmoja anaongelea ya kwake ilivyotoka, na ya kwake ilikuwa imeshikwa na kitu tofauti na kilichoshika ya kwako. Mimi ya kwanza kabisa niliichoma kwa tochi ya gesi karibu nusu saa, rangi nyeusi ikageuka ya zambarau, na kumbe gundi iliyokuwa ndani ni ile ambayo moto hauifanyi chochote, ingetoka kwa maji. Handigadi nzima ikaharibika kwa kuchagua dawa kabla ya kujua ugonjwa, ndo maana nalinganisha hapa njia zote kwa kirefu.

Kabla ya yote, na hapa sitanii: toa magazini, vuta mkono wa kukokea, angalia chemba kwa macho na uingize kidole, tenganisha sehemu ya juu na ya chini, toa bolti na kibebeo chake na mkono wa kukokea, na risasi zote zipeleke chumba kingine kabisa. Unaenda kutumia moto na nyundo, mezani pasiwe na risasi hata moja. Darubini nayo ivue, itakuja kudondoka tu.

Sasa, nini kimeishika?

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na watu wengi hapa wanapita mbio. Handigadi hazifungwi kwa namna moja. Nyingi za siku hizi ni za kubana, yaani nyuma zina mpasuko kwa chini na skrubu mbili au zaidi zinazovuta ule mpasuko ujifunge kwenye nati. Sasa kwenye nyingi za hizi, zile skrubu zinapita ndani ya mfereji uliochongwa kwenye nati, kwahiyo kulegeza haitoshi, lazima uzitoe nje kabisa, skrubu imebaki nusu ndani inakuwa kama komeo. Nimeshaenda kumsaidia jamaa aliyehangaika siku mbili na mafuta juu, nikakuta skrubu moja imelegezwa tu haijatolewa, ilitoka kwa dakika moja. Zipo nyingine zinashikwa na skrubu nyingi zinazozunguka nati, na hapo hesabu vizuri, geuza juu chini, angalia ndani ya reli ya juu pia kwa tochi, mtu anaweza kuwa ameficha moja chini ya kifuniko au chini ya uchafu. Zipo na zile za zamani ambazo bomba lenyewe lina thredi, linazungushwa kwenye nati kama mfuniko wa chupa na kufungwa na ringi ya kukaza. Na zipo ambazo nati na bomba ni kitu kimoja. Hizi mbili za mwisho haziwezi kuvutwa, hata ulete trekta, zinazungushwa.

Halafu angalia mbele. Handigadi inatokea mdomoni mwa mtutu, kwahiyo kama kule mdomoni kuna breki nene, kile kifaa cha kupunguza teke, au kiunganishi cha kuzimia sauti chenye upana kuliko tundu la ndani la handigadi, itasogea sentimita kadhaa afu itasimama, na hiyo sio kuganda. Kuna mitutu ya inchi 14.5 ambayo kifaa cha mdomoni kimepigiliwa pini na kuchomelewa ili urefu ufike inchi 16 za kisheria, hiyo hutoi bila kukata ule mchomeleo, na ukishakata urefu wa kisheria unakuwa umeondoka, kwahiyo hapo simama umpelekee fundi bunduki mwenye leseni. Na gesi bloku yenyewe, kama ina skrubu iliyochomoza pembeni inaweza kukwaruza ndani na kushika.

Ukishajiridhisha kwamba skrubu zote zipo kwenye kisahani na mbele pako wazi na bado haitoki, basi kinachoshika ni kimoja kati ya hivi: gundi ya thredi, kutu ya ndoa ya metali mbili, au ubano wenyewe umekaza kupita kiasi na alumini imejikunja ikaikumbatia nati. Gundi utaijua kwa mabaki, chukua skrubu ulizotoa uziangalie kwenye mwanga, ukiona vumbi la bluu ni ile ya nguvu ya kati, jekundu ni ile kali, na ukiona mabaki meupe meupe kama chokaa shuku Rocksett, gundi ya asili ya kauri ambayo watu wanaitumia sana kwa vifaa vya mdomoni na wengine wanaipaka mpaka kwenye nati. Kutu ya metali mbili inakuja pale alumini na chuma vinapogusana kukiwa na unyevu wenye chumvi, jasho linatosha, na wale wanaokaa karibu na Galveston au Florida wanaijua hewa ya bahari inavyofanya, ni ileile ya Tanga na Mombasa. Unaona unga mweupe umejaa kwenye mshono.

Mafuta ya kupenya dhidi ya maji ya moto

Mafuta ya kupenya, Kroil, PB Blaster na jamaa zake, hata WD-40 kwa shida, ni rahisi, kopo linapatikana duka lolote la spea na haliharibu chuma wala alumini. Yanachofanya ni kuingia kwenye nafasi nyembamba na kulainisha kutu na uchafu. Kwahiyo kwa kesi ya kutu ya metali mbili na kwa kesi ya ubano mkali, mafuta ni chaguo zuri sana ila yanataka subira, paka jioni, simamisha mdomo ukiangalia chini ili yashukie kwenye mshono wa nyuma, asubuhi paka tena, gonga gonga kidogo kuzunguka nati kwa nyundo ya mpira ili yaingie, jioni jaribu. Mtu aliyepaka akasubiri dakika kumi akasema hayafanyi kazi, huyo hajajaribu mafuta. Lakini kama ni gundi iliyokauka mafuta hayaikati, hata uache wiki, na ubaya zaidi ukishalowesha kila kitu mafuta afu ukageukia moto unapata moshi mbaya na hata mwali mezani. Kwahiyo mafuta ukiyachagua fanya uamuzi kwamba moto haufuati mpaka usafishe kabisa.

Maji ya kuchemka hayatajwi sana na mimi ndo nayapenda kuliko yote, naomba mnisikilize kidogo hapa. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, namba zake ni kama 23 kwa 12, sehemu za milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Handigadi ni alumini, iko nje, nati mara nyingi ni chuma, iko ndani. Nati yenye kipenyo cha milimita 35 hivi, ukiipandishia joto digrii 80 yeye na handigadi yake pamoja, bomba la nje linatanuka kuzidi nati kwa kama milimita 0.03. Inaonekana ndogo ila kwenye vitu vilivyobanana bila nafasi hiyo ni tofauti ya kutoka na kutotoka. Na la pili, resiva ya AR, yaani bodi lenyewe ambalo mtutu unafungwa kwake, inatengenezwa kwa alumini ya 7075-T6, ambayo ugumu wake ulipatikana kiwandani kwa kuikalisha kwenye joto la digrii 120 kwa saa nyingi. Maji hayawezi kupita 100. Yaani hata usahau, hata simu ikuite, huwezi kuiharibu. Na la tatu, kama ilikuwa ni Rocksett, maji ndo dawa yake hasa, inalainika kwa kulowekwa, moto haiusikii kabisa, watengenezaji wanaihesabia kuvumilia mpaka kwenye digrii 1,093.

Jinsi ninavyofanya, kitambaa kinene nakizungushia sehemu ya nyuma pale penye nati, naweka kwenye beseni, namwagia birika zima la maji yanayochemka taratibu, linaisha naleta la pili, afu glavu nene mkononi navuta palepale ikiwa ya moto. Kwa Rocksett ni tofauti, hapo unaloweka sehemu hiyo usiku kucha, na asubuhi unaanza na maji ya moto tena. Baadae kausha kila kitu, hewa ya kompresa ndani ya gesi tyubu, ule mrija mwembamba unaorudisha gesi nyuma, pitisha kitambaa cha mafuta kwenye mtutu nje na ndani, maana umetoka kuogesha chuma na kitapata kutu jioni hiyohiyo ukikiacha.

Udhaifu wa maji ni kwamba kwa gundi nyekundu hayatoshi. Bluu ukiipasha kidogo na ukawa na spana nzuri inaachia, ila nyekundu inataka kama digrii 250 ndo ilainike, na inatakiwa ufungue ikiwa bado ya moto hivyohivyo, ukisubiri ipoe ili usiungue inashika tena.

Hiti gani dhidi ya tochi ya gesi

Kwa hiyo nyekundu sasa ndo unaingia kwenye hiti gani, ile kama drai ya saluni ila kali. Kati ya hiti gani na tochi ya gesi, mimi siweki hata mezani hilo la tochi, na nasema hivyo nikiwa nimeshaitumia. Tochi ina mwali wa zaidi ya digrii elfu moja unaopiga sehemu ndogo, alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyowiva chekundu, kwahiyo huna dalili yoyote ya macho kwamba umepitiliza, unakuja kujua rangi ya anodaizi, ile ngozi ya kiwandani, imekufa na ugumu umeondoka. Ukiacha handigadi, jirani yake wa sentimita moja ni resiva, na resiva ndo ina namba ya usajili? Hapana, kwenye AR namba ipo kwenye resiva ya chini, lakini ya juu ndo imebeba mtutu na bolti inatembea ndani yake, ikilainika hiyo umeua bunduki.

Hiti gani inapasha polepole, unaizungusha, na kama una kile kipimajoto cha mwanga cha dola 20 unaona namba. Digrii 250 iko juu ya kile kiwango cha 120 nilichosema, kwahiyo muda ndo kila kitu, dakika chache ukilenga nati, sio kuikalisha hapo robo saa huku unaangalia mpira. Resiva funga kitambaa kibichi ikae baridi. Kwa skrubu ndogo zilizogandishwa na gundi kuna njia nzuri kuliko zote mbili, chukua pasi ya kulehemu ya mafundi redio, gusisha ncha kwenye kichwa cha skrubu dakika mbili tatu, joto linashuka kwenye skrubu peke yake, afu ingiza ufunguo wa nyota au wa L ukiwa mzima haujaliwa kona, fungua. Hii imeniokolea skrubu nyingi sana na haigusi rangi.

Ila kuna mtego mmoja na huu naomba usomwe mara mbili. Yote niliyosema ya joto ni pale alumini ikiwa NJE. Ukishatoa handigadi na sasa unataka kufungua nati yenyewe kwenye resiva, hali imegeuka, nati ya chuma iko nje, thredi za alumini za resiva ziko ndani. Ukipasha vyote pamoja, alumini ya ndani inatanuka zaidi ya chuma cha nje na unakaza badala ya kulegeza. Watu wanachoma nati nusu saa wanashangaa inazidi kuwa ngumu, fizikia inafanya kazi yake tu. Hapo baridi ndo rafiki. Ingiza sehemu yote ya juu kwenye friza usiku mzima, digrii 18 chini ya sifuri, alumini inasinyaa zaidi ya chuma, kama milimita 0.015 kwenye kipenyo kile, sio nyingi ila mara nyingi inatosha kuvunja mshiko, na ukitoa hapo pasha nati peke yake kwa haraka na hiti gani sekunde thelathini hivi, ya nje inatanuka kabla joto halijafika ndani. Na ukimaliza futa, maana itatoka jasho kama chupa ya soda. Kama nati yako ni ya alumini pia, hizo hesabu za tofauti hazipo, joto litasaidia gundi tu.

Fimbo ya ndani dhidi ya bloku za nje

Ukifika kwenye kutumia nguvu, iwe ya kuzungusha handigadi ya thredi au nati, unahitaji kuishika bunduki kwenye jiliwa, na hapo kuna shule mbili. Moja ni bloku za plastiki zinazoikumbatia resiva kwa nje, bei kama dola 30 mpaka 50. Nyingine ni fimbo ya chuma inayoingia ndani ya resiva na meno yake yanaingiana na meno ya mkia wa mtutu, Geissele ndo waliipa umaarufu na bei yake ni kama dola 100. Wengi watakwambia fimbo ni bora na mjadala umeisha. Kwa kufunga bunduki mpya nakubali, kwa kufungua kilichoganda nasema inategemea kimeganda wapi.

Fikiria nguvu inapita wapi. Thredi za nati zimeng'ang'ania kwenye resiva. Ukiwa na fimbo, umeshika mtutu, unazungusha nati, nati inaivuta resiva izunguke nayo, na kinachozuia resiva isizunguke ni kipini kimoja kidogo cha mtutu kilichokaa kwenye mwanya wa resiva ya alumini. Nguvu yote ya mkono wako na bomba ulilochomeka kwenye spana inaishia kwenye kile kimwanya. Kikitanuka mtutu wako hautakaa sawa tena. Ukiwa na bloku za nje, umeshika resiva yenyewe, nguvu inaenda moja kwa moja kwenye thredi na kipini hakihusiki. Kwahiyo thredi zikiwa zimeganda, bloku. Lakini bloku zikibanwa sana bila ile kiini ya plastiki inayoingia ndani ya resiva, unaweza kuiminya resiva ikawa yai, bolti ikaanza kukwaruza. Kiini lazima kiwepo ndani. Na kama kinachoshika ni uso wa nati dhidi ya ukingo wa mkia wa mtutu, pale vinapokutana, hapo fimbo ni bora maana unaushika mtutu moja kwa moja. Zipo fimbo zinazoshika na pini za resiva pia kwa pamoja na hizo zinagawa nguvu, kama unanunua mara moja maishani nunua ya namna hiyo.

Kumbuka kiwango cha kukaza nati kwenye maelekezo ya jeshi la huku ni futi-paundi 30 mpaka 80, yaani kama 40 mpaka 108 kwa newton-mita. Ni nafasi pana. Kama aliyefunga alifika 80 na akaweka bila grisi, kufungua kunaweza kudai zaidi ya hapo, na ukiona umefika mahali unaning'inia kwenye bomba kwa uzito wako wote, acha, rudi kwenye mafuta na friza usiku mwingine. Na gesi tyubu itolewe kwanza, kwenye nati nyingi tyubu inapita kwenye tundu la nati, ukizungusha nayo humo unaikata kama mrija wa juisi.

Kwa handigadi ya kubana hauzungushi, unavuta mbele. Ukiizungusha kwa nguvu unavunja zile ndimi za kuzuia mzunguko zinazoingia kwenye resiva. Njia ninayoipenda hapa ni kufungua ule mpasuko badala ya kuvuta kwa nguvu: kama skrubu inapita upande mmoja laini na upande wa pili una thredi, ingiza sarafu ya senti moja katikati ya mpasuko, afu ingiza skrubu kutokea upande wa thredi ikasukume sarafu, geuza robo kwa robo, mpasuko unafunguka. Kidogo tu, alumini ukiipanua sana inapasuka. Bisibisi kuchomeka na kupigia nyundo ndo kosa la wengi, inaacha kovu na inapanua upande mmoja. Kama unahitaji kugonga, chukua kipande cha mbao ngumu, kiegemeze kwenye ncha ya mbele ya tundu mojawapo la M-LOK, yale marefu ya kufungia vifaa, gonga kuelekea mdomoni, badilisha tundu, gonga upande wa pili, iende sawasawa. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zinashika kuliko za ngozi, na watu wawili, mmoja ameshika resiva mwingine anavuta, wanazidi kifaa chochote cha bei.

Kukata au kumpelekea fundi

Hili watu wanaliogopa mno, na mimi naona wanalichelewesha. Piga hesabu ya vitu vilivyopo mezani: handigadi, nati, resiva ya juu, mtutu. Mtutu mzuri ndo ghali kuliko vyote, handigadi za kawaida unazipata kwa dola 100 mpaka 200. Sasa unapoendelea kuongeza moto na nguvu unaokoa handigadi kwa kuhatarisha mtutu na resiva. Kama mpango wako ulikuwa kuweka handigadi mpya na ile ya zamani huitaki, mbona unaihurumia? Msumeno wa chuma wa mkono, kata mstari mmoja kwa chini, kamwe sio juu maana juu kuna gesi tyubu, kata sehemu ya ubano tu mpaka ubaki unene wa kadi ya benki, usifike kwenye nati, afu bisibisi pana ingiza na uizungushe, inafunguka kama ganda la korosho. Dremel, kile kimashine cha mkono cha kukatia, inafanya kazi hiyohiyo kwa haraka ila inateleza, na mchirizi mmoja kwenye mtutu hautaufuta, bora mkono taratibu. Miwani ya macho vaa, na vumbi la alumini lisafishe kabla ya kurudisha chochote.

Fundi bunduki yeye ana jiliwa kubwa, ana vifaa vya kila aina na ameshaona kesi yako mara ishirini. Mpelekee kama ni mtutu wa kuchomelewa mdomoni, kama skrubu zimeliwa kichwa na umeshajaribu kuchimba zikakatikia ndani, kama bunduki ni ya thamani au ya marehemu mzee wa mtu. Ila mwambie ukweli wote ulichofanya, hasa kama ulishapasha moto, asianze kuweka nguvu kwenye resiva iliyolainika. Binafsi nimeenda mara moja na sijutii, alitumia dakika ishirini.

Kwahiyo ningekuwa wewe, umenunua mkononi hujui aliyefunga aliweka nini: siku ya kwanza naangalia skrubu na mdomo wa mtutu, jioni hiyo maji ya moto, kwasababu hayawezi kuharibu na yanashughulikia ubano, bluu na Rocksett kwa pamoja. Haijatoka, naloweka usiku. Haijatoka, nakausha, naweka mafuta siku mbili na naanza sarafu kwenye mpasuko. Nikiona nyekundu kwenye skrubu naruka mafuta kabisa naenda hiti gani na kipimajoto, mafuta yasije kuwaka. Kama ni ya thredi basi bloku na spana ya mkanda, ikiwa ya moto. Kama hapo bado na handigadi siipendi, msumeno, kama naipenda, fundi.

Na wakati wa kurudisha, kwenye thredi za resiva paka grisi yenye molibdenamu, sio yenye grafaiti, grafaiti ikikaa kati ya alumini na chuma ndo inaharakisha ile kutu ya metali mbili. Kwenye ule uso wa nati unaokumbatiwa na handigadi mimi nafuta pakavu kabisa na kupitisha kitambaa chenye mafuta kidogo mno, na kwenye skrubu tone moja la bluu ukubwa wa kichwa cha njiti. Ya kwangu ya sasa nimeifunga hivyo, mwezi uliopita nimeitoa kusafisha gesi bloku, skrubu zilitoa mlio mmoja kila moja na bomba likaja kwa mkono.